Kurudi mazoezini huku unapunguza uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na karibu kila mtu aliyekaa muda mrefu bila mazoezi na sasa anataka kurudi huku akipunguza kilo. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa. Kama una maradhi, unameza dawa kila siku au umejifungua karibuni, soma kwanza sehemu ya mwisho, kisha urudi huku juu.

## Kabla hujaanza

Nianze na chakula au mazoezi?

Ukitaka kujua kipi kinashusha kilo, ni chakula. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Mtu wa kilo 90 akitembea haraka haraka kwa nusu saa hutumia kama kalori 150, na sehemu ya hizo angezitumia hata kama angekaa kitini. Kwa hesabu hiyo, kilo moja inadai matembezi zaidi ya 50, na hapo ni kama hakuongeza hata tonge moja mezani. Wengi hukatia tamaa hapa: wamehenyeka mwezi mzima, wamepanda mizani, namba ni ile ile.

Lakini mazoezi yana kazi ambayo chakula hakiiwezi. Ukila pungufu ya unachotumia, mwili hauchomi mafuta peke yake, unajilia na misuli pia. Kwa anayepunguza kwa kula kidogo tu, takriban robo ya uzito unaoondoka huwa si mafuta. Mazoezi, hasa ya nguvu, huufahamisha mwili kwamba misuli ile bado ina kazi, isiguswe.

Kazi ya pili huonekana baadaye, wakati wa kuhakikisha kilo hazirudi. Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill, linalofuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa mwaka au zaidi bila kuzirudisha. Wengi wao hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea. Hawakupungua kwa sababu ya kutembea peke yake. Karibu wote walibadilisha pia ulaji. Lakini mwendo haukuachwa.

Je, nisubiri nipungue kwanza ndipo nianze?

Usisubiri. Misuli inayoondoka wakati unasubiri utakuja kuitafuta kwa jasho baadaye. Kinachobadilika kwa mwenye uzito mkubwa ni aina ya zoezi, siyo ruhusa ya kulifanya. Tazama swali la magoti, sehemu ya mwisho.

Lazima nimwone daktari kwanza?

Kwa kutembea na mazoezi mepesi ya nyumbani, watu wengi wazima hawahitaji kibali. Nenda kwanza kama una ugonjwa wa moyo, figo au kisukari, kama presha yako iko juu na haijatulizwa, kama umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukiwa unafanya kazi, au kama ni mjamzito na umeambiwa mimba ina matatizo.

Kuna dalili za kukufanya usimame papo hapo, hata kama mwenzako anakupigia makofi uendelee: kifua kubana au maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi; kuona giza; moyo kudunda ovyo bila mpangilio; pumzi kukata kuliko kazi unayoifanya. Kama hazitulii ndani ya dakika chache za kupumzika, hilo ni jambo la dharura. Kigimbi kimoja kikivimba, kikapata joto na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usikikande.

Zamani nilikuwa fiti kweli. Sasa imepita miaka mitatu. Nimepoteza kila kitu?

Pumzi ndiyo hutangulia kuondoka. Wiki mbili hadi nne za kukaa bure zinatosha kuanza kuishusha. Nguvu za misuli huaga polepole zaidi. Habari njema ni kwamba aliyewahi kuwa na nguvu huzirudisha kwa muda mfupi kuliko alioutumia kuzipata mara ya kwanza.

Hatari iko kwenye kumbukumbu. Kichwa kinaikumbuka njia yako ya kilomita tano na muda uliokuwa ukiimaliza. Misuli nayo huamka mapema, ndani ya wiki chache. Lakini kano na mifupa huzoea mzigo taratibu mno, na sasa zinabeba kilo ambazo zamani hazikuwepo. Mimi niliporudi baada ya miaka minne nilikwenda kukimbia njia ile ile, siku ya kwanza, nikajivunia kufika nusu. Kesho yake nilishuka ngazi kinyumenyume, kiganja kimeganda ukutani. Maumivu hayo yaliisha. Yaliyofuata ya kwenye ugoko hayakuisha upesi. Yaliniweka nje wiki sita. Tangu hapo kanuni yangu ni moja: fikiria kiasi unachokiona chepesi, kisha anza na nusu yake.

## Wiki za mwanzo

Siku ya kwanza nifanye nini hasa?

Tembea dakika kumi kwenda, ugeuke, urudi. Nyumbani, fanya zoezi la kiti. Linaonekana la wazee, lakini lifanye vizuri ndipo uhukumu.

Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa karibu na ukingo, miguu imeachana upana wa mabega, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha simama bila kujirusha. Sasa keti tena ukihesabu moja, mbili, tatu, na makalio yaguse kiti kwenye tatu, siyo kabla. Hapo kwenye kushuka ndipo penyewe. Karibu kila mtu hufika katikati akajibwaga, na pale anapojibwaga ndipo nguvu zake zilipoishia. Fanya mara nane, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara nane. Ikishindikana bila kutumia mikono, weka mto mnene juu ya kiti ili safari iwe fupi, na uupunguze kadiri wiki zinavyokwenda.

Ongeza pushapu za ukutani: simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, shuka taratibu, sukuma. Mara nane, raundi mbili. Basi, siku imeisha. Ukimaliza ukiwa na hamu ya kuendelea, umepatia.

Nitajuaje kama ninajikaza kupita kiasi?

Ongea. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye kasi ya wastani. Ukitoa maneno mawili matatu na kuvuta pumzi, hiyo ni kasi kali. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza hatua.

Wanaopenda namba hutumia kipimo alichokibuni Gunnar Borg wa Uswidi, kinachoanzia 6 na kuishia 20, ambapo wewe mwenyewe unataja unavyojisikia. 12 au 13 inamtosha anayeanza. Ile hesabu ya 220 ukitoa umri kwa ajili ya kukisia mapigo ya juu ya moyo ni ya wastani wa watu wengi. Kwako binafsi inaweza kupotea kwa mapigo kumi au zaidi, huku au kule, na kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha haifai kabisa (tazama swali la presha).

Mara ngapi kwa wiki?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za kasi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za kasi kali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo huo pia uliondoa sharti la zamani kwamba zoezi lidumu angalau dakika kumi mfululizo ndipo lihesabike. Dakika sita za kupanda ngazi zinahesabika.

Ila uichukulie 150 kama mahali pa kufika. Ukitoka sifuri, wiki ya kwanza dakika 60 zilizogawanywa siku nne ni kazi nzuri. Ongeza kidogo kila wiki, na kila baada ya wiki tatu au nne ipite moja ambayo huongezi kitu.

Hatua 10,000 kwa siku ni lazima?

Namba hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na namba ikashika. Hesabu hatua zako za kawaida kwa siku tatu bila kujilazimisha. Ukipata 3,200, lengo lako la mwezi huu ni kama 4,500. Anayetoka 3,000 kwenda 6,000 ananufaika pakubwa, hata kama saa yake haimpongezi.

Kutembea tu hakutoshi?

Kwa moyo, sukari na presha, kutembea kunafanya kazi kubwa. Kwa kulinda misuli unapokula pungufu, hapana. Mikono, mgongo na mabega havipati chochote kwenye matembezi, na hata mapaja yakishazoea kutembea hayana tena sababu ya kujijenga.

Si lazima uingie jimu. Zungusha miondoko mitano: kukaa na kusimama, kusukuma, kuvuta (mpira wa mazoezi uliofungwa mahali imara unatosha), kuinama kwenye nyonga na kunyanyua kitu mgongo ukiwa umenyooka, na kubeba mzigo ukitembea nao. Siku mbili kwa wiki, dakika 25 kila mara. Chagua uzito ambao marudio mawili au matatu ya mwisho unayafanya kwa kusaga meno kidogo. Yakiwa mepesi kwa siku mbili mfululizo, ongeza uzito.

Lini naweza kuanza kukimbia?

Ukiweza kutembea haraka dakika 30 hadi 40, siku nne kwa wiki, kwa wiki tatu au nne, na asubuhi inayofuata hakuna kiungo kinacholalamika. Anza kwa kuchanganya: kimbia dakika moja, tembea mbili, jumla dakika 20, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Kimbia taratibu mpaka uone aibu. Hiyo ndiyo kasi yenyewe. Wiki moja usiongeze muda na kasi kwa pamoja, chagua kimoja.

Maumivu ya ugoko yanayosambaa ni onyo la kupunguza. Yakiwa kwenye nukta moja ya mfupa, ukiibonyeza unaruka, acha kukimbia ukapimwe, kwani inaweza kuwa ufa mdogo. Na kama hupendi kukimbia, hakuna deni. Watu hupungua na kukaa fiti bila kukimbia hata mita moja.

Kesho yake mwili mzima unauma. Niendelee au nipumzike?

Maumivu ya misuli baada ya zoezi jipya huanza saa 12 hadi 24 baadaye, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hutoweka. Asidi ya laktiki hubebeshwa lawama ambazo si zake, maana huondoka ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kumaliza. Kinachouma ni michubuko midogo sana ndani ya misuli, hasa kutokana na miondoko ya kushusha mzigo: kuteremka mlima, kuketi taratibu, kurudisha chuma chini. Tembea, oga, lala vya kutosha. Misuli ile ile iliyoumia ipe siku nyingine moja au mbili, lakini mwili usiulaze kitandani.

Maumivu ya namna hii huwa pande zote mbili na hupungua unapopata joto. Ukisikia mchomo upande mmoja, ndani ya kiungo, unaozidi kadiri unavyoendelea, huo ni mwingine, simama. Na kama misuli imevimba, haina nguvu, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, usingoje kesho. Misuli imevunjika kiasi cha kuhatarisha figo, na hospitali ndiyo pa kwenda. Huwapata hasa wanaorudi kwa pupa.

## Mizani na vipimo

Nimefanya mazoezi wiki mbili, nimejinyima, halafu uzito umepanda kilo moja na nusu. Nini hiki?

Maji. Misuli iliyochubuka huvuta maji ili ijitengeneze. Pia misuli inayofanya kazi huanza kuweka akiba zaidi ya glaikojeni, wanga wa kuhifadhiwa, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Kwa wanawake ongeza siku za kabla ya hedhi, ambazo peke yake zinaweza kuficha upungufu wa wiki mbili.

Hujajenga kilo moja na nusu ya misuli kwa wiki mbili, wala hujanenepa. Ili upate kilo moja na nusu ya mafuta ungehitaji ziada ya kalori zaidi ya 11,000, na usingeshindwa kuikumbuka.

Jipime kwa namna mbili. Mizani: asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, kila siku, na uangalie wastani wa wiki, siyo namba ya leo. Kama namba ya kila siku inakuharibia siku, pima mara moja kwa wiki. Pili, utepe: zungusha kiuno usawa wa kitovu, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Usihukumu kabla ya wiki nne. Kiuno kikipungua na mizani imesimama, mambo yanakwenda.

Saa yangu inasema nimechoma kalori 600. Naweza kuzila?

Usizile. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi. Mapigo ya moyo vingi vilihesabu vizuri. Kalori zilipotea: kifaa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93.

Kuna jambo jingine. Mwili hujibana kwingine baada ya mazoezi: unakaa zaidi, unatuma mtu akuletee maji, unapanda lifti. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaowinda na kuchimba mizizi kila siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya kalori walizotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoishi maisha ya kukaa. Wanasayansi bado wanabishana maana yake inafika wapi. Wewe tumia saa yako kulinganisha wiki hii na iliyopita, isiwe risiti ya kudai chakula.

Zoezi gani linakata kitambi?

Hakuna. Sit-apu 200 hukaza misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayajui kwamba ni tumbo lililofanya kazi. Mwili huchota mafuta kila mahali kwa mpangilio wake, kutokana na jinsia, umri na urithi. Kitambi hupungua uzito wote unapopungua.

Mimi ni mwanamke. Vyuma havitanifanya niwe na misuli mikubwa kama mwanamume?

Wanaoonekana hivyo wametumia miaka ya kula kwa ziada na kunyanyua kwa makusudi hayo. Wewe unakula pungufu. Nyanyua.

Uzito umekwama wiki tano sasa. Niongeze mazoezi?

Kwanza hakikisha umekwama kweli: wastani wa wiki na utepe, kama ilivyoelezwa juu. Kisha angalia sahani kabla ya kuangalia raba. Mwili mdogo unahitaji kalori chache, kwa hiyo kiasi kilichokupunguza ukiwa na kilo 95 huenda ndicho kinachokutosha kabisa ukiwa na 84. Andika kila unachokula kwa siku saba, pamoja na mafuta ya kupikia, vinywaji, na vile vya kuonja jikoni. Mara nyingi jibu liko humo. Kama daftari ni safi, ongeza matembezi ya dakika 15 kwa siku na usubiri wiki tatu.

Kasi inayofaa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wanaoshuka kwa kasi kubwa zaidi hupoteza misuli mingi na huweza kupata vijiwe kwenye mfuko wa nyongo.

## Kula na kunywa

Siku za mazoezi ninapata njaa ya ajabu. Nifanyeje?

Chunguza muda. Wengi hawapati njaa mara tu baada ya zoezi kali. Hufika saa tatu au nne baadaye, au usiku. Panga mlo wako mkuu uangukie pale njaa inapokuja, uwe na protini na mboga za kutosha. Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni ile sauti ya "leo nimejitahidi, ninastahili". Nusu saa ya kutembea ni kalori 150, kama ulivyoona mwanzo, na chupa moja ya soda inazirudisha kabla hujakauka jasho.

Protini kiasi gani?

Kwa anayepunguza uzito na kufanya mazoezi ya nguvu, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni lengo zuri. Mtu wa kilo 80 ni gramu 96 hadi 128. Mwenye uzito mkubwa sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga. Yai moja kubwa lina gramu kama 6. Gramu 100 za kuku au samaki aliyepikwa ni kama 25. Igawe kwenye milo mitatu badala ya kuirundika usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate namba hizi bila daktari wake.

Mazoezi ya asubuhi tumbo tupu yanachoma mafuta zaidi?

Wakati wa zoezi lenyewe, ndiyo, kidogo. Kwa jumla ya siku, tofauti hupotea, na waliolinganishwa wakiwa na kalori sawa wamepungua sawa. Kama unajisikia vizuri bila kula, endelea. Kama unapata kizunguzungu, kula kitu chepesi saa moja kabla. Wenye kisukari wasome swali lao kwanza.

## Hali zinazohitaji tahadhari

Magoti yananiuma na nina uzito mkubwa. Nifanye nini?

Katika utafiti wa watu wenye ugonjwa wa maungio ya goti, kila kilo moja iliyopungua ilipunguza mzigo wa goti kwa takriban kilo nne katika kila hatua. Ukipunguza kilo tano, goti lako limepumzishwa kilo 20 kwa hatua, mara maelfu kwa siku. Kwa hiyo kilo chache za mwanzo zina thamani kuliko zinavyoonekana kwenye mizani.

Kwa sasa tafuta mwendo usiogonga: baiskeli, kuogelea au kutembea ndani ya maji, kutembea mahali tambarare kwa vipande vifupi. Fanya zoezi la kiti kwa kiti kirefu, maana mapaja yenye nguvu hulipokea goti mzigo. Maumivu madogo wakati wa zoezi, yanayorudi yalipokuwa ndani ya saa 24, yanavumilika. Goti linalovimba, kukwama au kuachia ghafla lipelekwe likaonwe.

Ninatumia dawa za presha.

Dawa kama atenolol na bisoprolol huzuia moyo kwenda mbio, hivyo usifukuzie namba za mapigo. Tumia kipimo cha kuongea. Dawa za kukojoza huongeza uwezekano wa kupungukiwa maji. Usisimame ghafla baada ya zoezi, tembea taratibu dakika tano kwanza. Unaponyanyua, toa pumzi wakati wa kusukuma. Kuibana pumzi hupandisha presha kwa kasi. Kilo zikishuka, presha nayo huweza kushuka mpaka dozi ya zamani ikawa kubwa mno. Ukianza kuona kizunguzungu, kapime, na dozi ibadilishwe na daktari, siyo na wewe.

Nina kisukari.

Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenclamide, sukari inaweza kushuka wakati wa zoezi na hata saa nyingi baadaye, usiku ukiwa umelala. Pima kabla. Ikiwa chini ya 5 mmol/L (90 mg/dL), kula wanga kidogo kwanza. Beba kitu chenye gramu 15 za sukari inayoingia haraka. Kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa maana yake ni simama, kula, pima tena baada ya dakika 15. Kwa anayetumia metformin peke yake hatari hii ni ndogo. Kagua nyayo kila baada ya matembezi, hasa kama huhisi vizuri miguuni. Lengelenge dogo usilolisikia huweza kuwa kidonda. Aliyeambiwa macho yameathirika asinyanyue vizito mpaka aulize.

Ninachoma sindano za kupunguza uzito.

Semaglutide na tirzepatide huondoa hamu ya kula, na hapo ndipo misuli hupotea, kwa sababu watu husahau kula protini. Mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki ni ya lazima zaidi kwako kuliko kwa mwingine. Kula protini kabla ya vingine vyote kwenye sahani. Siku zenye kichefuchefu au kutapika, tembea tu na unywe maji kidogo kidogo.

Nimejifungua miezi miwili iliyopita. Naweza kuanza?

Kutembea kidogo kunaweza kuanza mapema, kadiri unavyojisikia, kama kujifungua kulikuwa salama. Mazoezi ya kukaza sakafu ya nyonga, yaani kubana kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja kisha kuachia, pia huanza mapema. Mazoezi mazito subiri ukaguzi wa kama wiki sita, na kwa upasuaji mara nyingi zaidi ya hapo. Kukimbia na kuruka, si kabla ya miezi mitatu. Mkojo ukivuja, ukihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, au damu ikianza upya, umewahi mno. Zoezi la wastani halikaushi maziwa. Kujinyima chakula sana ndiko kunakoweza kuyapunguza.

Nimekuwa na homa wiki hii. Nitoe jasho ili ipone?

Homa haitolewi kwa mazoezi. Ukiwa na joto, maumivu ya mwili au kikohozi cha kifuani, pumzika mpaka homa iishe kabisa, kisha anza na nusu ya ulipoachia. Mafua mepesi ya puani bila homa hayazuii kutembea. Ulipoacha kwa wiki mbili tatu kwa sababu nyingine yoyote, kanuni ni hiyo hiyo: nusu kwa wiki moja, usilipe siku ulizokosa.

Hedhi yangu haijaja miezi mitatu tangu nianze. Ni kawaida kwa sababu ya mazoezi?

Ni ya kutokea, siyo ya kawaida. Pima mimba kwanza, kwani kupungua uzito humrudishia uwezo wa kushika mimba mwanamke ambaye mzunguko wake ulikuwa umevurugika kwa unene. Kama si mimba, huenda unakula kidogo mno kwa kazi unayoufanyisha mwili, nao umezima kisichohitajika kwa kuishi leo. Mifupa huanza kudhoofika katika hali hiyo hata kama bado una uzito wa ziada. Pandisha chakula, punguza makali ya mazoezi, na umwone daktari bila kusubiri mwezi wa nne.